Kitonga na mkono wangu

Basi bwana, mlioniuliza kwa nini niko kimya, jibu ni hili: naandika kwa mkono mmoja. Wa pili una bandeji.

Tulikuwa tunaenda Iringa na gari la mjomba. Toka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, nami nikawa nalisifia gari. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori la kontena, gia ya kwanza, mwendo wa kinyonga. Pale injini inatoa jasho kuliko popote njiani, na upepo wa kupoza rejeta hakuna, imebaki feni peke yake. Kona ya tatu mshale ukagonga nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti.

Nikazima gari, nikachukua kitambaa, nikafungua kifuniko cha rejeta. Ndiyo, mimi mwenyewe, msomi wenu! Kile kifuniko kina springi inayobana maji yasitoke, ndiyo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, ule mbano unaisha, maji yanachemka papo hapo na kuruka yalipo macho yako. Nilikinga uso kwa mkono.

Fundi tuliyemwita kutoka Ilula alisubiri gari lipoe, akafungua, akacheka: themostati haipo. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Themostati iko wapi?"

"Marahaba. Ile? Fundi wangu aliitoa zamani. Kidude cha nchi za baridi hicho."

Jamani, hii imani iko kila gereji! Themostati hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu, kisha hufungua. Bila hiyo injini haipati joto lake, inakunywa mafuta, na mshale unakaa chini hata kama kuna ugonjwa. Na ugonjwa ulikuwepo: rejeta imeziba kwa kutu, miaka ya kujaziwa maji ya bomba badala ya kulanti. Kwenye tambarare ilijificha. Mlimani ikaumbuka.

Gasketi ya silinda hedi nayo imeungua. Fundi ameshanitajia bei. Mjomba bado sijampigia tena.