Reli Ilipofika Mlimba

Kabla ya reli, bonde letu la Kilombero lilikuwa na njia moja tu ya kutegemewa, nayo ni mto. Sisi Wandamba ni watu wa maji. Mtoto alijua kushika pondo kabla hajashika jembe. Mpunga ulisafiri kwa mtumbwi, kambale wa kukaushwa walisafiri kwa mtumbwi, na bibi harusi alipelekwa kwa mumewe kwa mtumbwi. Wakati wa kiangazi Landrover ya misheni au ya serikali iliweza kupita. Masika yakishaanza, bonde lote linafurika na kila kijiji kinabaki peke yake. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa kwa machela kuelekea hospitali ya misheni ya Ifakara, wanaume wakipokezana mabegani usiku na mchana. Wengine walifika wakapona, wengine walizikwa njiani.

Nayaandika haya uzeeni kwa sababu reli yetu ya TAZARA inazungumzwa tena. Nasikiliza taarifa za habari, nasikia shaba, tani na bandari. Sisikii Mlimba, wala Chita, wala Mngeta. Mimi nilikuwepo reli ilipojengwa, na ninayo niliyoyaona kwa macho yangu.

Habari za kwanza zilitufikia kwa redio na kwenye mikutano ya tawi la chama chetu, TANU. Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao huko Rhodesia. Zambia, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu nyuma yake, ikajikuta njia kuu ya shaba yake imo mikononi mwa adui, maana reli ya kwenda baharini ilipita Rhodesia. Mafuta ya Zambia yakawa yanapelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi. Rais wetu Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walizibishia hodi nchi za Magharibi wapate reli, wakaambiwa haitalipa. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema hivyo tangu 1964. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967: mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, kwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Katibu wa tawi letu alitueleza kwamba kusini mwa mto Zambezi tunao ndugu ambao bado wanatawaliwa kwa bunduki, na kwamba reli hii ni sehemu ya kuwakomboa. Hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jiwe la msingi liliwekwa Dar es Salaam Oktoba 1970. Vijana wakaandikishwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU, nami nikiwa miongoni mwao, sijaoa bado. Tulipewa sululu na makoleo, tukapangwa katika magenge, na kila genge likawa na fundi wa Kichina. Jambo lililotushangaza wote ni kwamba huwezi kumtofautisha injinia na kibarua: wamevaa nguo za namna moja, wote wana matope hadi magotini. Wazee wetu walikuwa wamezoea bwana mkubwa anayesimama kivulini akinyoosha kidole. Hawa walichimba pamoja nasi. Mkalimani alikuwa mmoja kwa watu wengi, kwa hiyo kazi ilifundishwa kwa vitendo. Fundi anafunga mbano wa reli mbele yako, anaufungua, anakukabidhi spana. Ukikosea anaufungua tena bila kupaza sauti. Vijana walioingia hawajui hata kusoma rula walitoka wakijua kupima tuta, kumimina zege na kutengeneza injini. Mang'ula palikuwa na karakana kubwa, na mafundi wengi waliosifika baadaye katika wilaya yetu walianzia pale.

Mwishoni mwa 1971 reli ilifika Mlimba, kilomita kama 500 kutoka pwani. Treni ya kwanza tuliyoiona ilikuwa ya kazi, imebeba mataruma ya zege, vyuma na kokoto. Watu walikuwa wamelala kando ya tuta tangu jana yake, wametoka vijiji vya mbali kwa miguu na kwa mitumbwi. Kichwa kilipopiga honi, wanawake walipiga vigelegele na watoto walikimbilia mashambani, kisha wakarudi mmoja mmoja. Bibi yangu mzaa mama hakukimbia. Alisogea hadi kwenye behewa, akaligusa kwa kiganja, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiki nacho masika kinapita?" Nikamjibu, "Kinapita, bibi." Akasema basi watu hawatakufa tena njiani. Mabwana wakubwa walikuwa wakibishana kuhusu faida ya reli. Yeye aliijua kwa swali moja.

Kutoka Mlimba hadi Makambako ndiko kulikokuwa na kazi yenyewe. Ni karibu kilomita 160 tu, lakini reli inatoka kwenye bonde la joto na mbu, inaparamia milima hadi nyanda za baridi zilizo juu ya mita 1,600. Katika reli nzima kuna mahandaki 22, na 18 yako katika kipande hicho, pamoja na madaraja 46. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye urefu wa takriban mita 50. Mvua ilinyesha, udongo ukaporomoka, tuta tulilolijenga wiki nzima likaondoka usiku mmoja, tukaanza upya. Ndani ya mahandaki tulifanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Baruti ikishalipuka unasubiri vumbi litulie, kisha mnaingia na taa kuzoa mawe, mkisikiliza kama dari inalia.

Watu walikufa, nami nilibeba baadhi yao. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika ujenzi huu, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kila mmoja na jiwe lenye jina lake. Wenzetu Waafrika waliokufa walirudishwa kwao au walizikwa karibu na kambi, na makaburi mengi yamefunikwa na msitu. Ningependa siku moja wao pia waandikiwe majina yao mahali ambapo abiria anaweza kuyasoma.

Agosti 1973 reli ilivuka mpaka pale Tunduma. Juni 1975 ikafika Kapiri Mposhi, na Julai 1976 China ikaikabidhi rasmi kwa Tanzania na Zambia. Ilimalizika kabla ya muda uliopangwa, na ilimalizika wakati wa haja, kwani tangu Januari 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulikuwa umefungwa. Shaba ikaanza kushuka Dar es Salaam.

Lakini kando ya njia ya shaba lilizaliwa jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyeliandika kwenye makadirio. Treni ya kawaida ilisimama kila stesheni, na kila stesheni ikawa soko. Mama wa Mlimba alipakia mpunga na ndizi, akashuka Makambako, akarudi na viazi, maharage na njegere za nyanda za juu. Samaki wetu wa Kilombero walifika Mbeya. Watoto wa bonde walikwenda kusoma mbali na kurudi likizo. Hata ndoa zilibadilika. Mndamba akaoa Mbena, Mnyakyusa akahamia Chita kulima mpunga, na leo hii ukiuliza ukoo katika vijiji vyetu utapewa majina ya makabila yote yaliyo kando ya reli. Mjomba wangu mvuvi aliuza mtumbwi wake mkubwa akafungua duka stesheni, na wanawe wote wakasomeshwa na duka lile.

Nasi tuliilinda reli ile. Wakati wa Operesheni Vijiji serikali ilihamishia vijiji vya ujamaa karibu na njia, na wanamgambo wetu walitembea juu ya mataruma usiku wakikagua madaraja. Hatari haikuwa ya kufikirika. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli la mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, na usafiri ukakatika. Habari ile ilipofika Mlimba, wazee walikaa kimya kama watu waliopata msiba. Miezi michache baadaye Zimbabwe ilipata uhuru wake, nasi tukashangilia stesheni kama watu wenye haki ya kushangilia.

Katikati ya miaka ya 1980 reli ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Baadaye njia za kusini zilifunguka, barabara ya lami ikashindana nayo, vichwa vya treni vikapungua, na mzigo ukashuka mno. Wataalamu wakarudia maneno ya 1964 kwamba hailipi. Katika miaka hiyo yote ya uhaba, treni ya kawaida ilipoonekana kwenye kona, hata ikiwa imechelewa siku nzima, akina mama walikuwa bado wamekaa na magunia yao wakiisubiri.

Sasa mambo yanaamka. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ya SGR ilianza kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam, ikifikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Nilipanda na mjukuu wangu, na nilifurahi kwa moyo wangu wote kuona madereva na wahudumu ni vijana wetu. Septemba mwaka huohuo, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Shaba inatakiwa duniani kuliko zamani, kwa magari ya umeme na nyaya zake, na kila taifa kubwa linatafuta njia ya kuitoa Afrika ya kati.

Nawaombea heri wote watakaoikarabati. Nawaomba pia wakae na hesabu mbili mezani. Hesabu ya kwanza ni ya tani zitakazofika bandarini, na ni ya haki, kwani reli isiyo na mzigo haina mafuta wala mishahara. Hesabu ya pili ni ya stesheni ndogo: treni ya abiria isimame Chita, Mngeta na Uchindile hata kwa dakika chache, pawepo behewa la mizigo ya wakulima kwa nauli wanayoiweza, pawepo ghala lenye bati na choo cha abiria, vijana wa vijiji vya njiani wafundishwe kazi kwa vitendo, kama tulivyofundishwa sisi. Treni za mizigo zikipita bila kusimama, bonde letu litabaki na kelele tu. Tuliijenga reli hii ili Zambia ipitishe shaba yake bila kumpigia mtu magoti, na ikatufaa sisi pia. Mambo yote mawili yaandikwe katika mkataba.