Donda Ndugu

Ukifika Salgaa jioni, msomaji, utaona malori ya Mombasa yamepangana kando ya njia iendayo Eldoret na Uganda. Dereva ashukaye akichechemea hulaumu kukaa sana, na mara nyingi husema kweli, maana damu isiyosukumwa na misuli ya mguu hukawia, na huweza kuganda.

Lakini mama muuza chai nimjuaye pale hakai kutwa. Mguu wake ulivimba mara tatu, damu ikiganda ndani ya mshipa. Vilango vya mshipa vikaharibika, damu ikatuama, na juu ya kifundo kikatokea kidonda kilichokataa kufunga kwa miaka sita. Majirani wakasema karogwa.

Kidonda cha namna hiyo huitwa donda ndugu, nami nalipenda jina hilo, kwa sababu undugu wake waweza kuwa wa damu kweli. Mwaka 1965 daktari Olav Egeberg wa Norwei alieleza habari za ukoo mmoja ambao watu wake waliugua kuganda kwa damu mara kwa mara: walikuwa wamerithi upungufu wa antithrombini, protini izuiayo damu kuganda ovyo. Selimundu nayo, isiyo ngeni kwetu, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria, hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na huleta vidonda vifundoni.

Muuguzi mmoja alimwuliza yule mama, "Mama, nani mwingine kwenu aliyepatwa na haya?" Akamtaja baba yake, kisha kaka yake. Halafu akanyamaza, akamtazama binti yake aliyekuwa mja mzito. Na mimba yenyewe huzidisha hatari hiyo. Binti alipelekwa kwa daktari siku ile ile.