Siku Kinga Zilipotufungia Njia



Wiki hii hatuandiki juu ya chanjo za watoto wala bei ya unga. Tunataka kuwasimulia safari yetu moja ya zamani, ambayo tunaikumbuka kila tunapoona msichana juu ya kinga. Wengine wenu mtacheka, kwa sababu mlikuwa pamoja nasi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, miaka ile ambapo Tour du Rwanda ilikuwa bado inafanyika mwishoni mwa mwaka. Tulitoka Birere alfajiri, wamama watano pamoja na binti wa mwenzetu mmoja, mtoto wa miaka 11. Tukavuka Petite Barrière kwenda Gisenyi kununua maharagi na karoti. Tulipanga kurudi kabla ya saa sita. Lakini tulipomaliza kufunga mizigo, tukakuta polisi wamefunga barabara kubwa. Hakuna gari, hakuna moto, hata mtu wa miguu hakubaliwi kukatisha. Wakatuambia tungoje, mashindano ya baiskeli yanakuja.

Tulikasirika sana. Ninyi mnajua, kwa mama wa biashara ndogo kila saa ni pesa. Watoto wako nyumbani, wateja wanangoja, na siku hiyo ndiyo ya kuweka fungu la likelemba. Tukakalia magunia yetu pembeni ya barabara, tukinung'unika.

Kidogo kidogo watu wakajaa. Wanafunzi walikuja na sare zao, wazee na fimbo zao, vijana wakapanda juu ya miti. Mama mmoja wa pale akatusogezea benchi lake, akatupa mahindi ya kuchoma. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo. Alisema wanakimbia siku nyingi, mji kwa mji, na saa za kila siku zinajumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa maillot ya njano. Alitaja kwa fahari jina la Valens Ndayisenga, kijana aliyeshinda mwaka 2014, Mnyarwanda wa kwanza kushinda tangu mashindano hayo yaingie katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Alilitaja kama mtoto wake wa kumzaa.

Jambo moja alilotueleza lilituingia moyoni. Anayekwenda mbele ndiye anayepasua upepo. Wanaomfuata nyuma yake karibu karibu hawachoki sana. Kwa hiyo wanabadilishana: huyu anatangulia kidogo, akichoka anarudi nyuma kupumzika, mwingine anashika nafasi yake. Tukatazamana, tukacheka. Hiyo si likelemba yetu? Leo mimi, kesho wewe, na hakuna anayeachwa peke yake na upepo.

Tulingoja karibu saa tatu. Kwanza zikaja moto za polisi, kisha magari yenye kinga juu ya paa. Halafu tukasikia kelele kutoka juu ya kilima, zikiteremka kama mvua inayotoka mbali. Ghafla wakapita! Sauti ya magurudumu ilikuwa kama nyuki. Rangi nyekundu, kijani, bluu, na ile njano katikati. Upepo wao ulitupeperusha vikwembe. Tulipofumbua mdomo kushangilia, walikuwa wamekwisha kupita. Saa tatu za kungoja, na dakika moja ya kuona! Lakini tuliruka kama watoto. Mwenzetu mmoja alisahau gunia lake la karoti, likamwagika barabarani, na polisi yule yule aliyetuzuia akainama kumsaidia kuokota.

Wa mwisho alifika peke yake, baada ya muda mrefu. Amechoka, uso umejaa vumbi, goti linatoka damu. Watu walimpigia makofi kuliko hata wale wa mbele. Tulipenda sana jambo hilo.

Ndipo yule binti akamvuta mama yake kikwembe, akauliza: "Mama, wasichana watapita saa ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Mashindano yale yalikuwa ya wanaume tu. Tulimwambia, twende nyumbani, mwana.

Njiani swali lake lilitufuata. Kwetu Goma magurudumu hayakosekani. Vijana wanateremka na chukudu zimejaa viazi na mbao, na mji umeijengea chukudu sanamu. Lakini mama anabeba mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nani alipanga hivyo? Sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia mabinti zetu kwamba kupanda kinga si adabu, kwamba kunaharibu usichana. Tuliambiwa na mama zetu, nasi tukarudia bila kuuliza.

Mwaka uliofuata, mama wa yule binti alipopata zamu yake ya likelemba, alituambia kwamba ananunua kinga ya mitumba. Mtoto wake alikuwa anatembea saa nzima kwenda kwenye masomo na saa nzima kurudi, na alikuwa akisinzia darasani. Lazima tuseme ukweli: wengi wetu tulimpinga. Tulimwambia atanunua aibu kwa pesa zetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Siku ile Gisenyi mlipiga makofi. Mlikuwa mnampigia nani?" Akanunua.

Binti alianguka mara nyingi. Ana kovu kwenye kiwiko mpaka leo. Majirani walisema walichosema. Lakini alifika masomoni mapema, na akapata diploma ya serikali. Mwingine kati yetu alimkatalia binti yake mwaka ule ule. Msichana huyo aliacha masomo kwa sababu ya mbali, na mama yake ametuomba tuandike hapa kwamba anajuta.

Kwa nini tunayakumbuka haya sasa? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Kwetu ulikuwa mwaka mgumu, kila mama anajua, na hatukusafiri. Lakini Jumamosi tarehe 27 tulikusanyika kwenye simu moja kutazama wanawake. Walikimbia zaidi ya kilomita 164, mizunguko 11 juu ya vilima, pamoja na ile barabara ya mawe ya Kimihurura. Wasichana wa Rwanda nao walikuwamo. Alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtazamia.

Simu ilikuwa ya yule binti. Sasa ni mtu mzima, na ana mtoto mgongoni. Wanawake walipopita mara ya kwanza, alimgeukia mama yake, akasema polepole: "Mama, wamepita."

Mama yake alilia, nasi pia.

Wamama, katika kikundi chetu kuna wasichana wawili wanaotembea zaidi ya saa moja kwenda masomoni. Katika mkutano wa Jumamosi tutaomba kila mmoja alete alichoweza, hata kidogo, tuwanunulie kinga moja, wapokezane kwa zamu. Ambaye bado ana wasiwasi, aje nao pia. Tutausikiliza, maana nasi tulikuwa nao.

Sisi wamama wenzenu