Tumlishe Wapi Mgeni wa Mwani

Nilipoingia kazi ya uwakala wa mwani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mgeni wa biashara akishuka Chake Chake alikula nyumbani kwangu. Sikuagizwa na mtu, wala hakuna aliyeona la ajabu. Pa kula mjini palikuwepo: vibanda vya chai na maandazi karibu na soko, wapishi wa wali na maharage waliowalisha madereva na utingo wa gari za 606 za Wete. Lakini kumpeleka huko mtu aliyevuka bahari kuja kununua mali yako ilikuwa ni kuutangazia mji kwamba kwako hakuna mpishi, au yupo na hamsemezani.

Biashara yenyewe ilikuwa mpya. Mwani ulianza kulimwa kwa ajili ya kuuza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na haukuchukua muda kufika kwetu Pemba, Micheweni na kwingineko. Walioupokea zaidi ni wanawake. Kabla ya hapo zao la fedha la Mpemba lilikuwa karafuu, na karafuu ilikuwa na mnunuzi mmoja, ZSTC, shirika la Serikali. Bei ilitangazwa, ukaipokea. Aliyetaka bei nyingine alisubiri giza na chombo cha kuvukia Shimoni, Kenya, na biashara ya namna hiyo haina chakula cha mchana. Mwani ulinunuliwa na kampuni za watu binafsi, zaidi ya moja, kila moja na mizani yake, na mtu akishakuwa na wanunuzi wawili ndipo anapokuwa na la kuzungumza. Mazungumzo nayo yanataka mahali pa kukaa.

Kwangu palikuwa ukumbini, juu ya busati. Wali wa nazi ulikuja ndani ya sinia, mchuzi wa changu au kolekole kwenye bakuli, pweza wa nazi ikiwa wavuvi wa Wesha walijaaliwa, pilipili ya kusaga, ndimu, ndizi mbivu pembeni. Mgeni alinawishwa kwa birika. Bei haikutajwa mpaka mikono inawishwe mara ya pili na kahawa iletwe. Mnunuzi mmoja kutoka Mjini Unguja aliwahi kuanza kuuliza habari za tani huku akichambua miba, na baba yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akila nasi, akamjibu kwamba tani zipo, sheikh, lakini samaki anapoa.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani alikaa mke wangu. Hakula nasi wala hakuonekana, ila yeye aliona kila kitu, na mgeni akishatoka hukumu ilikuja kutoka jikoni. Kwenye sinia kila mtu ana upande wake, na kitoweo kiko katikati. Mkono wa mtu unakwenda wapi kabla hajakaribishwa, hilo peke yake lilimtosha. Mgeni mmoja alisifu mchuzi kabla hajauonja. "Ntu huyo jihadhari naye," akaniambia. Mwingine alikula kimya, hakuvuka upande wake, kisha akauliza kama waliopika nao wameshakula. Huyu wa pili tulifanya naye kazi miaka mingi. Yule wa kusifu alitulipa nusu ya fedha, na nusu ya pili mpaka leo iko njiani. Nimepokea baadaye barua za benki na makaratasi yenye mihuri ya kila rangi, na hakuna lililonipa habari za mtu upesi kiasi kile.

Tuseme ukweli lakini: kazi ilikuwa yake, sifa zikawa zangu. Mgeni akiteremka Mkoani na boti ya asubuhi, habari ilimfikia mke wangu kwa mdomo wa mtoto aliyetumwa mbio, maana simu za mezani zilikuwa za kuhesabika, na nazi ilibidi zikunwe, zichujwe na kupikwa kabla ya adhuhuri. Bahari ikichafuka na mgeni asifike, tulibaki na chakula cha watu kumi. Alinung'unika, na alikuwa na haki. Sisi wanaume tuliuita ukarimu wetu.

Mara ya kwanza mnunuzi alipokuwa mwanamke, desturi ilimpeleka ndani kwa wanawake wenziwe, mimi nikabaki ukumbini na dereva wake, tukizungumza habari za matairi. Mke wangu aliijua bei ya mwani ya msimu ule kabla yangu.

Kilichotutoa nyumbani ni siasa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi ulifanyika Oktoba 1995, na CUF, chama cha upinzani, ikachukua viti vyote 21 vya Pemba. Baada ya hapo mji uligawanyika mpaka kwenye vikombe vya chai. Watu walisusiana maduka, walisusiana harusi, pengine hata maziko. Mtu wa CCM alikuwa na duka lake la kununua sukari, na mtu wa CUF na lake. Mgeni wangu alikuwa akitoka Unguja na mimi sijui ni wa upande gani; majirani walikuwa wameshajiuliza kabla yangu. Kumwingiza nyumbani mtu wa upande usiotakiwa mtaani ilikuwa ni kujitafutia kususiwa. Kumwingiza kwa mpishi fulani ilikuwa ni kumtangazia yeye upande wangu, na fedha zake bado hazijatoka mfukoni. Nikawa na ramani kichwani: nani anapika wapi, bendera gani imefungwa kwenye mti wa karibu, na nani hukaa pale saa ngapi. Januari 2001, watu walipopigwa risasi kwenye maandamano na zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Shimoni, kwa muda hakukuwa na mwaliko wa aina yoyote.

Palipobaki ni hoteli ya Serikali. Zilijengwa tatu kwa ramani moja, Chake, Wete na Mkoani, kiasi kwamba aliyewahi kulala Wete aliweza kukipata choo cha Mkoani gizani. Mgeni alilala pale, kwa hiyo kula naye pale kulikuwa na maelezo yake: yeye ndiye aliyenikaribisha mimi. Hakuna aliyeweza kuniongezea neno. Jambo la kujua, na hili lilikuwa la Pemba nzima, ni kuagiza asubuhi. Ukenda mahali popote pa kula adhuhuri na njaa yako bila ya kuagiza, kuku alikuwa bado anakimbia uani.

Hapo ndipo nilipoanza kula na wageni juu ya meza, kila mmoja na sahani yake na uma wake, na hapo ndipo bei ilipoanza kutajwa kabla ya samaki. Mambo yalikwenda haraka zaidi, sikatai. Mwanamke mnunuzi alikaa na sisi mezani, tukamalizana naye wenyewe. Nilichokosa ni mkono wa mtu kuutazama. Sahani ni uwanja wa mtu binafsi, anakula atakavyo na huwezi kujua kama ni adabu au ni uma ndio unaomzuia.

Mwaka 2010 ulituletea mawili kwa pamoja. Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme wake ulikuja na kwenda upendavyo. Mwaka huo waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, ukaanza kuleta umeme wa bara. (Unguja walikuwa wametoka miezi michache kabla kwenye giza la miezi mitatu, baada ya waya wao kuharibika Desemba 2009; ilikuwa mara yetu adimu ya kuwapa pole watu wa Mjini.) Na Julai ya mwaka huohuo, kufuatia maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, kura ya maoni ikapitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa zaidi ya asilimia 66. Magazeti yaliandika siasa. Mimi niliona mafriji.

Kabla ya hapo samaki alipikwa siku aliyovuliwa au alikaangwa ili asiharibike, na mpishi hakuthubutu kununua zaidi ya wateja anaowajua. Mwenye friji aliweza kwenda Tumbe, kwenye soko kubwa la samaki, akachukua tasi na jodari wa siku mbili tatu, akaandika bei ukutani na asibahatishe. Soda ikawa baridi. Juisi ya bungo na ya ukwaju ikauzwa mchana kutwa. Feni ikazunguka juu ya meza, na mtu aliyevaa koti la suti kutoka Dar es Salaam akaweza kukaa saa nzima bila ya kulivua. Mahali pa kula pakaongezeka barabarani, na wale waliosusiana sukari wakakaa meza za jirani wakila pweza yuleyule. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 kususiwa na CUF, kususiana kulirudi madukani, nikaikunjua tena ramani yangu ya zamani. Lakini safari hii wapishi walikuwa wengi na mikopo ya mafriji ilitaka kulipwa, na waliofukuza wateja hawakufukuza kwa muda mrefu.

Kwa wanaoanza kazi hizi leo nina masharti yangu, na hakuna hata moja linalohusu ladha. Mahali pa kula pawe jirani na msikiti, ili adhuhuri isivunje kikao: mnasali, mnarudi, wali umeshapakuliwa. Pawe na maji yanayotoka na sabuni. Pasiwe karibu na kituo cha gari. Honi zinavumilika, wapita njia ndio tatizo. Kwetu ukiwa unakula na mtu unayemfahamu akapita, ni lazima umwambie karibu. Mjini kwa wenzetu mtu hujibu ahsante akaendelea na safari yake. Pemba anaweza akakubali, akavuta kiti, na kabla hajamaliza kunawa ameshajua mnauziana kilo kwa shilingi ngapi, na jioni Micheweni wameshajua. Meza iwe ya nyuma, mgeni akae akitazama barabara, wewe uipe mgongo. Ijumaa usialike mtu. Na saa nne asubuhi pita mwenyewe jikoni, funua sufuria, muulize mpishi samaki ametoka wapi. Asiyetaka sufuria yake ifunuliwe ana sababu.

Ramadhani haina masharti kwa kuwa haina mchana. Milango ya wapishi inafungwa, hata mgeni asiyefunga hujificha na chupa yake ya maji, na kila neno la biashara husubiri futari. Mwezi huo bado tunarudi majumbani: tende, uji, muhogo wa nazi, sambusa. Nimegundua kwamba mikataba yangu mingi isiyo na ugomvi ilifungwa baada ya magharibi.

Kisha zikaja warsha. Miradi ya mwani, ya mikoko, ya vikundi vya kinamama, kila mmoja na semina yake, na kila semina na chakula chake cha mchana ndani ya boksi. Mke wangu na wenziwe wa mtaani waliona wapishi wakichukua tenda wakati wao wana mikono iliyolisha nusu ya wanunuzi wa kisiwa bure. Wakaunda kikundi, wakanunua masufuria makubwa na majiko ya gesi. Sasa anapika pilau ya watu sitini, na anaandika risiti kwa mwandiko wa skuli ulionyooka kuliko wangu.

Kazi ya uwakala anayo mwanangu. Yeye huchagua mahali kwa picha za simuni, huuliza kama pana intaneti na pa kuegesha gari, na ameshawahi kumpeleka mteja mpaka Makangale, kupita msitu wa Ngezi, kwenye hoteli za ufukweni ambako wazungu wengine hulala chumba kilicho chini ya maji. Mteja alifurahi, nami sina la kusema, ila mafuta ya gari yalizidi bei ya chakula.

Mwaka jana alipata mgeni kutoka Muscat, mtu mzima aliyezaliwa hukohuko na wazazi wa Wete, anazungumza Kipemba cha zamani ambacho vijana wetu wameshakiacha. Mwanangu akamtajia hoteli tatu, na picha zake. Yule bwana akasema hoteli anazo Muscat. Yeye anataka kula nyumbani kwa watu, juu ya busati, kwenye sinia.

Mwanangu akampigia simu mama yake. Akaulizwa ni watu wangapi, pweza au samaki, saa ngapi, na nusu ya fedha itatumwa leo au kesho. Kijana akadhani ni mzaha. Nilimwambia mama yako hana mzaha na gesi inavyopanda. Fedha zikatumwa kwa simu, na siku ya pili tukakaa ukumbini kwangu, mwenye nyumba nikiwa mteja, sinia likaletwa, na pazia likatikisika palepale lilipokuwa likitikisika zamani. Mgeni alikula vizuri, akakubaliana na mwanangu juu ya mzigo wa kwanza, akaondoka na chupa ya achari.

Nikamfuata mke wangu jikoni, anahesabu sahani. Nikamuuliza, vipi ntu yule?

"Hilo," akasema, "halimo kwenye bei."