Beira: Mji Uliozungukwa na Maji Ukakosa Maji

Mji wa Beira, katika jimbo la Sofala nchini Msumbiji, umejengwa mahali ambapo mto Pungwe unaingia katika Bahari ya Hindi. Ardhi yake ni tambarare, na sehemu nyingi zimeinuka kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Bahari yenyewe hupanda na kushuka hapo kwa kadiri ya mita 6 hivi. Maji yajaapo, mashua za wavuvi huelea mlangoni mwa kijito cha Chiveve. Yatokapo, hulala juu ya tope. Kwa bandari yake na reli yake iendayo Zimbabwe, Beira ni lango la nchi zisizo na pwani. Kwa wakazi wake wapatao nusu milioni, ni mji ambao kila masika hushindana na maji.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, tufani iliyopewa jina la Idai iliupiga mji huo kwa upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa. Mabati yaliruka, nguzo za umeme zikaanguka, na siku chache baadaye mito ya Buzi na Pungwe ikafurika na kuikata barabara kuu iendayo bara. Beira ikawa kisiwa. Nchini Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Zimbabwe na Malawi nazo zilipata msiba mkubwa.

Hata hivyo, waliosalimika walikuwa na adui wa pili, asiye na kishindo. Maji ya bomba ya Beira huchotwa katika mto Pungwe na kusafishwa kwenye mtambo ulioko Mutua, upande wa Dondo, nje ya mji. Umeme ulipokatika, pampu zilinyamaza na mabomba yakakauka. Katika mitaa ya mabondeni kama Munhava, ambako ukichimba kidogo tu unakuta maji, vyoo vya mashimo vilifurika, na uchafu wake ukaingia katika madimbwi na visima vifupi. Mama aliyetaka kupika uji wa mtoto aliyaona maji kila upande, lakini hakuwa na kikombe kimoja cha kuaminika.

Msaada haukukawia. Uwanja wa ndege wa Beira uligeuka kuwa makao makuu ya uokoaji, chini ya taasisi ya serikali ya Msumbiji ya kukabili maafa. Helikopta za jeshi la Afrika ya Kusini na manowari za India zilishiriki, na ndege ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania ilipeleka dawa na chakula kwa jirani zake. Lakini wingi wa wasaidizi una taabu yake. Kama kila kikundi kinafuata barabara iliyo rahisi, kambi moja itapata matangi matatu na nyingine haitapata hata ndoo. Kwa sababu hiyo wote wanaoshughulika na maji na usafi hukutanishwa mezani na serikali, wakisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, wakagawana mitaa na kazi.

Mezani hapo hesabu ndiyo amri. Kipimo kinachokubaliwa na mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, na mwanzoni choo kimoja kwa watu 50. Kambi ya watu 2,000, basi, yataka lita 30,000 kila siku, yaani safari tatu za gari la lita 10,000, pamoja na mabomba 8 na vyoo 40. Gari moja likikwama matopeni, theluthi ya kambi imekosa maji siku hiyo.

Tarehe 27 Machi 2019 kipindupindu kilithibitishwa Beira. Waliougua walizidi 6,000, lakini waliokufa walikuwa 8. Wokovu huo haukuletwa na jambo moja. Jenereta zilikuwa zimewekwa kuendesha pampu tena. Vituo vya matibabu vilifunguliwa. Dawa ya klorini iligawiwa majumbani. Na kuanzia tarehe 3 Aprili watu zaidi ya 800,000 wa Beira na wilaya jirani walipewa chanjo ya kunywa. Palipungua kimoja, vingine visingetosha.

Liko pia somo ambalo Msumbiji ililipata zamani kwa uchungu. Katika majimbo ya kaskazini, watu waliopeleka klorini waliwahi kushambuliwa, kwa kuwa neno la Kireno la dawa hiyo, "cloro", linakaribiana na "cólera", yaani kipindupindu. Wananchi walidhani wanaletewa ugonjwa. Ndiyo maana dawa yafaa ipokelewe kutoka mkononi mwa mtu wa mtaani anayejulikana, asemaye Kisena au Kindau, kuliko kutoka kwa mgeni mwenye gari kubwa.

Mambo ya Beira yanahusu kila nyumba ya pwani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Mwenye kuharisha anyweshwe mara moja maji safi lita 1 yaliyochanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa hospitali.

Januari 2021 tufani nyingine, Eloise, ilitua karibu na Beira na kuijaza mitaa maji. Mlangoni mwa Chiveve kuna malango yanayofungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapotoka, ili maji ya mvua yapate njia. Malango hayo yanafaa kadiri mitaro inavyozibuliwa, na kazi ya kuzibua mitaro hufanywa wakati wa kiangazi, kabla hakujasikika habari yoyote ya upepo.