Gitaa Bila Spika

Nikishuka Bunda na gitaa mgongoni, swali huwa lile lile: "Biti yako iko wapi?" Watu wamezoea msanii wa flashi: spika zinaimba, yeye anafuatisha mdomo. Mimi naimba laivu, peke yangu.

Hela yake ni ya mawazo. Musoma, mwenye mgahawa anakupa sahani ya sato na nauli. Bunda unategemea kutunzwa. Butiama nilitoka na elfu nane, na ada bado inadaiwa. Washkaji wananiambia nihamie kwenye flashi.

Sihami. Mkoani Mara huu si ugeni. Wakurya wana litungu, ala ya nyuzi nane. Mtu mmoja hupiga na kuimba, na watu wanatulia kwa sababu kisa kinawahusu. Nguvu iko hapo. Usiku nilioimba Musoma habari za bei ya dagaa, meza ya wavuvi ilinyamaza, kisha mzee mmoja akasema, "Rudia hapo, mwanangu."

Kwa hiyo wewe mwenye gitaa bwenini, usisubiri spika. Patana kwanza nauli ya kurudi, kisha ujue unamwimbia nani.