Mama Katika Mstari wa Mabeki



Mwaijua kazi ya kulinda shamba la mahindi. Nyani wakiingia, kila mtu humlaumu mlinzi. Wasipoingia, hakuna ampaye hata asante. Kazi ya beki katika mpira wa miguu ni hiyo hiyo. Mfunga magoli hubebwa mabegani, beki hukumbukwa siku aliyoteleza. Basi leo nataka kuwasimulia habari za beki mmoja, tena mwanamke, tena mama wa mtoto: Tamires wa Brazil.

Alizaliwa mwaka 1987 huko Caeté, katika jimbo la Minas Gerais. Ili mwelewe maisha yake, yafaa kwanza mjue jambo moja. Brazil yasifiwa ulimwengu mzima kwa mpira, lakini mwaka 1941 serikali yake iliwakataza wanawake michezo iliyosemwa kuwa haipatani na maumbile yao, na mwaka 1965 mpira wa miguu ukatajwa waziwazi. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1979. Hesabuni wenyewe: Pelé alikuwa amekwisha kutwaa Kombe la Dunia mara tatu, na dada zake wa nchi hiyo hiyo wangali wamekatazwa kucheza. Tamires alizaliwa miaka minane tu baadaye.

Akiwa msichana alikwenda São Paulo kucheza. Kisha, akiwa na miaka 21, akapata mimba. Mumewe naye alikuwa mchezaji wa mpira, na maisha ya mchezaji ni ya kuhamahama. Leo klabu hii, mwakani nyingine. Tamires akaacha mpira miaka kadhaa, akalea mtoto, akamfuata mumewe huko kazi ilikompeleka. Wengi walioacha namna hiyo hawakurudi, wala sioni haki kuwalaumu. Siku hizo FIFA haikuwa na kanuni ya kumlinda mchezaji mja mzito. Kanuni hiyo ilianza mwaka 2021: likizo isiyopungua majuma 14, manane kati yake baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua theluthi mbili za mshahara. Kabla ya hapo mama alijitegemea mwenyewe na jamaa zake.

Yeye alirudi. Mwaka 2013 alianza kuchezea timu ya taifa, na mwaka 2015 alicheza Kombe la Dunia huko Canada. Mwaka huo huo klabu ya Fortuna Hjørring ya Denmark ikamchukua, na safari hii mume na mtoto ndio waliomfuata yeye. Kwangu mimi, hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Akina baba msomao, najua mtaguna, haya, guneni. Klabu ile ilipata ubingwa wa Denmark mwaka 2016 na 2018 naye akiwamo. Katika Kombe la Dunia la 2019, Ufaransa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa mama katika kikosi cha Brazil.

Na kazi yake si ya kusimama mahali pamoja. Beki wa kushoto humkabili winga wa kulia wa upande wa pili, ambaye mara nyingi ana mbio kupita wenzake. Mpira ukipatikana, beki huyo hupanda ukingoni mwa uwanja mpaka karibu na goli la wapinzani, atie krosi. Ukipotea, arudi mbio, maana nyuma yake pako wazi. Ndivyo dakika 90.

Mwaka 2019 alirejea nyumbani, akajiunga na Corinthians, akatwaa nayo kombe la Libertadores mwaka huo, tena 2021, 2023 na 2024. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024 alikuwa na miaka 36. Brazil iliwatoa Wafaransa kwao, ikawafunga Wahispania mabingwa wa dunia 4-2, kisha ikashindwa na Marekani 1-0 katika fainali. Medali ya fedha, basi, kama zile za 2004 na 2008, ambazo nazo zilitokana na kushindwa na Wamarekani hao hao.